Vijiti vya Kulia na Heshima ya Wanaovishika

Tarehe 21 Februari 1972, katika Ukumbi Mkuu wa Umma jijini Beijing, Rais Richard Nixon wa Marekani alishika vijiti vya kulia mbele ya kamera za televisheni, Waziri Mkuu Zhou Enlai akiwa kando yake. Alikuwa amefanya mazoezi kabla ya safari. Wamarekani walimwona kiongozi wao, mtu aliyejijengea jina kwa kuupinga ukomunisti, akijitahidi kwa adabu kula kama mwenyeji wake. Haukupita muda, migahawa ya Kichina nchini mwao ikafurika wateja waliotaka kujaribu chakula kile na vijiti vile.

Vijiti vyenyewe havikuwa vipya hata kidogo. Vya shaba nyeusi vimefukuliwa Yinxu, karibu na Anyang, palipokuwa makao ya watawala wa Shang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hapo mwanzo kazi yake ilikuwa jikoni hasa, kukoroga na kuopoa vyakula kutoka katika maji ya moto. Mezani watu walitumia kijiko na mkono. Naam, mkono, huu huu ambao baadhi yetu tulifundishwa shuleni kuuonea haya. Ni tangu enzi ya Han, unga wa ngano na tambi zilipoanza kuenea, ndipo vijiti vilipozidi kupata nafasi mezani. Vikaenea hadi Korea, Japani na Vietnam.

Kwa nini basi dunia ya Magharibi ikachelewa kuvipenda? Wengi hujibu kwamba vina ugumu kwa asiyevizoea. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa Wachina waliishi Marekani kwa wingi tangu miaka ya 1850, wakichimba dhahabu na kujenga reli, na jirani zao walikuwa na muda wa kutosha wa kujifunza. Walichojifunza ni dharau. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mwaka 1885, huko Rock Springs, Wyoming, Wachina 28 waliokuwa wakichimba makaa ya mawe waliuawa na wachimbaji wenzao wazungu. Magazeti yaliwachora wakila panya. Mwanzoni mwa karne ya 20, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi lilitoa hata kijitabu kilichopambanisha nyama na wali, kana kwamba mla wali si mtu kamili. Inauma zaidi kwamba maneno hayo yalitoka kwa wafanyakazi.

Sheria hiyo ilikuwa na tundu moja: iliwaruhusu wafanyabiashara. Mwaka 1915 mahakama ilikubali kwamba mwenye mgahawa naye aweza kuhesabiwa mfanyabiashara, na Wachina wakaitumia nafasi hiyo kufungua migahawa ili wapate kuwaleta jamaa zao. Mingi iliwawekea wateja wazungu uma. Sheria ilifutwa mwaka 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani dhidi ya Japani. Na mwaka 1965 sheria nyingine ikafungua milango zaidi. Kwa hiyo usiku ule wa 1972 vijiti vilikuwa vimekwisha kukaa Marekani zaidi ya karne moja. Kilichobadilika ni uzito wa taifa lililovibeba.

Mwezi Novemba 2018 kampuni ya mitindo ya Italia, Dolce & Gabbana, ilitoa matangazo yaliyomwonyesha binti wa Kichina akihangaika kula piza kwa vijiti, huku sauti ya mwanamume ikimwelekeza. Ulikuwa mzaha wa zamani, ila soko sasa lilikuwa la Wachina. Onyesho kubwa la kampuni hiyo mjini Shanghai likafutwa, maduka ya mtandaoni ya China yakaondoa bidhaa zake, na baada ya siku chache waasisi wake wawili wakajitokeza katika video, wakaomba radhi, na neno lao la mwisho wakalitamka kwa Kichina.