Injini Iliyolala

Mzee aliinua boneti, akaegemea fenda, akanyamaza kidogo. "Unaona, mwanangu? Hii injini imelala."

Nikachungulia. Kweli, injini ya Peugeot 404 haisimami wima kama za magari mengine. Imelazwa upande mmoja kwa nyuzi 45. Gari lenyewe lilikuwa gofu, limewekwa chini ya mkorosho hapa Mtua, kusini mwa Tanzania, viti vyake vimeliwa na panya. Nilimweleza mzee kwamba wako watu Kenya na Ulaya wanaotafuta magofu ya namna hii, wanayafufua na kuyarudisha mashindanoni. Hakushangaa.

"Si lilishinda Safari?" akaniuliza.

Aina hiyo ilishinda, tena mara nne. Mashindano ya Safari yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa magari madogo ya kawaida, yale yale ambayo mtu angeendea kazini siku ya Jumatatu. Barabara ndiyo iliyoyachuja. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404.

Katikati ya miaka hiyo ushindi ulikuja kwetu. Mwaka 1966, kisha 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, kwa gari la aina hiyo hiyo. Inaniuma kuona kijana wa Kitanzania anakutajia madereva wote wa Formula 1, lakini jina la Shankland hajapata kulisikia.

Na kufufua gari la zamani kwa ajili ya mbio si jambo geni katika ukanda huu. Volvo PV544 waliyoshindia Joginder Singh na mdogo wake Jaswant mwaka 1965 ilikuwa tayari imetumika na kuchoka katika mashindano mengine. Singh alikuwa fundi wa Nairobi kabla ya kuwa bingwa. Gari lililodhaniwa limekwisha kazi likayaacha nyuma magari mapya ya makampuni makubwa.

Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani peke yake, yaliyopita Kenya na Tanzania. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, akisomewa ramani na mwanawe Mathias. Baba huyo alikuwa ameshashinda Safari yenyewe mara nne, ya kwanza mwaka 1977.

Kuliandaa gari la zamani kwa mashindano hayo ni kazi ya miezi mingi. Linavuliwa kila kitu mpaka ibaki bodi tupu, kutu inakwanguliwa, viungo vinachomelewa upya kwa sababu mashimo ya barabarani huanza kulipasua gari pale pale karatasi mbili za bati zinapokutana. Ndani hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma ili gari likipinduka paa lisimwangukie dereva. Chini linavalishwa bamba nene la kukinga injini na mawe.

Kuhusu injini, mzee wangu alikuwa na la kusema. Silinda za 404 ni silivu za kuchomoa. Zikilika, unazitoa na kutia seti mpya pamoja na pistoni na ringi, basi. Huna haja ya kupeleka bloku mjini ikachongwe. Nikaelewa kwa nini gari hili lilipendwa huku kusini. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, iling'olewa miaka ya 1960, na tangu hapo abiria na mizigo vikategemea barabara. Masika yalipoanza, mashine ya kuchongea ilikuwa kama iko nchi nyingine. Gari lililoweza kusukwa upya chini ya mti lilikuwa na thamani ambayo hakuna muuzaji aliyeiandika kwenye tangazo lake.

Kisha akaniita nyuma ya gari, akachuchumaa. Difu ya 404 ina gia yenye umbo la parafujo, inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. "Hapa ndipo mafundi wa sasa wanapoharibu," alisema. Wanatia mafuta ya gia yoyote wanayoyakuta dukani, na shaba inalika. Zamani yalitumika mafuta yaliyotokana na nyonyo.

Akafungua bolti ya kujazia, akachovya kidole cha shahada mpaka fundo la pili. Kilitoka na utandu mweusi, mzito. Akausugua kwa kidole gumba muda mrefu, akitafuta chengachenga za shaba, kisha akaniwekea mkono mbele ya uso nione mwenyewe. Hapakuwa na chenga hata moja.

"Hili linasukika," akasema, akafunga bolti.