Maandishi ndani ya duara: jinsi ya kuyapanga bila kupoteza neno

Muhuri wa kikundi cha akiba, nembo ya shule, beji ya mhudumu wa afya ya jamii na stika ya kuhimiza usafi: vitu hivi vyote mara nyingi huwa na umbo la duara au la mstatili wenye pembe zilizoviringwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kazi ya namna hii inaweza kusanifiwa kwenye kompyuta makazini, kisha faili ikapelekwa kuchapishwa mjini Mbarara. Maandishi yakiwa yamepangwa vibaya, kikundi hulipa mara mbili: gharama ya kuchapisha upya na nauli ya kurudi mjini.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna hasara nyingine. Nakivale, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ina wakazi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao, ilhali wenyeji wa eneo hilo huzungumza Kinyankore. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, nafasi inapobana ndani ya duara, maneno ya Kiswahili, ambayo mengi ni marefu, huwa ya kwanza kufupishwa au kuondolewa. Mara nyingi hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa dawa yake ni vipimo.

Kwa nini duara hubana

Mraba mkubwa kabisa unaoweza kuingia ndani ya duara huwa na upande wa takriban asilimia 71 ya kipenyo. Duara lenye kipenyo cha milimita 40 hubeba mraba wa milimita 28 tu, yaani chini kidogo ya theluthi mbili ya eneo lake lote.

Upana wa mistari pia hubadilika. Katika duara hilo hilo, mstari unaopita katikati una milimita 40. Ukipanda au kushuka milimita 10, upana hupungua hadi takriban 35. Kwa milimita 15 hubaki 26. Na kwa milimita 18 hubaki 17 pekee. Ndiyo maana mstari wa kwanza na wa mwisho ndio hukatika.

Pembe zilizoviringwa hubana pia, ila kwa kiasi kidogo. Kanuni rahisi ni kuyaweka maandishi mbali na kila ukingo kwa asilimia 30 ya nusu kipenyo cha pembe. Pembe ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 10, pambizo ya milimita 3 kila upande huzuia herufi za pembeni zisiguse mviringo.

Programu hazifanani

Programu za ofisi, kama vile Microsoft Word, huyaweka maandishi ya duara ndani ya mstatili usioonekana. Kwa hiyo mistari yote huwa na upana mmoja, na maneno hushuka mstari unaofuata huku pembeni kukiwa bado na nafasi. Programu za kusanifu kurasa na michoro, kama Scribus na Inkscape, ambazo zote mbili hupatikana bila malipo, zinaweza kuyafanya maandishi yafuate ukingo wenyewe, kila mstari ukawa na upana wake.

Njia hii ya pili hutumia nafasi vizuri zaidi, lakini ina hatari yake: maneno yaliyozidi hufichwa. Scribus huonyesha alama ndogo ya mkato kwenye pembe ya chini ya kisanduku. Asiyeiona alama hiyo anaweza kuchapisha tangazo la chanjo lisilo na tarehe wala mahali.

Njia iliyo salama ni kuikata mistari kwa mkono, mfupi juu, mrefu katikati, mfupi chini. Mfano ni ujumbe huu wa usafi:

Nawa mikono
kwa maji safi na sabuni
kabla ya kula

Ujumbe huo umefuata duara bila kupoteza neno, na kila mstari una maana yake. Viunganishi kama "ya", "wa" na "na" visiachwe peke yake mwishoni mwa mstari. Vishuke pamoja na neno linalovifuata.

Jambo jingine ni ukatikati wa macho. Programu hutenga nafasi chini ya mstari kwa ajili ya mikia ya herufi kama "g" na "y". Maandishi yakiwa ya herufi kubwa tupu, nafasi hiyo hubaki wazi na maneno huonekana yamepanda juu. Yashushwe kidogo mpaka jicho liridhike.

Maandishi yanayozunguka muhuri

Katika muhuri, jina hufuata tao la duara. Katika Inkscape, mtumiaji huchora duara, huandika jina, huvichagua vyote viwili, kisha hutumia amri ya kuweka maandishi kwenye mstari, iliyomo katika menyu ya maandishi. Jina huanzia upande wa kulia wa duara; ili lifike juu, duara huzungushwa. Maneno ya chini huhitaji duara la pili ambalo limegeuzwa kuwa mstari wa kawaida na kubadilishwa mwelekeo, la sivyo yatasomeka yamepinduka.

Hesabu ifanyike mapema. Herufi zikizunguka katika nusu kipenyo cha milimita 16, mzingo ni takriban milimita 100. Theluthi mbili, yaani milimita 67, hutosha jina la juu. Maneno "Umoja wa Wakulima wa Mahindi" yana herufi 24 na nafasi nne. Kila moja hupata milimita 2.4, kipimo kinachosomeka. Jina lenye herufi na nafasi 45 lingepata milimita 1.5 tu, na wino ungeziba matundu ya herufi. Hapo ni afadhali kukuza muhuri, au kuhamishia sehemu ya jina katikati, kuliko kulikata jina la kikundi.

Kukata neno la Kiswahili

Programu iliyowekewa kanuni za Kiingereza hulikata neno la Kiswahili mahali pasipofaa. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo neno hukatwa baada ya irabu: wa-ku-li-ma, ki-ko-mbe, ma-hi-ndi. Konsonanti "mb", "nd", "ny", "ch" na "sh" hazitenganishwi, wala "ng'" haiachani na alama yake. Ndani ya duara dogo, ni bora kuzima kabisa ukataji wa maneno.

Kabla ya safari ya Mbarara

Kwanza, kazi ichapishwe kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kawaida, isomwe na mtu ambaye hakuiandaa. Pili, maandishi yageuzwe kuwa michoro, au faili ya PDF ibebe fonti zake. Kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti ile, huweka nyingine, na tao lote huhama. Tatu, nakala ya asili yenye maandishi yanayoharirika ihifadhiwe kando.

Wanaotumia Microsoft Publisher wana sababu ya ziada ya kuhifadhi nakala za PDF, kwa kuwa kampuni hiyo imetangaza kwamba haitaihudumia tena programu hiyo baada ya Oktoba 2026.

Mwisho, jina au ujumbe uamuliwe kwanza, kisha umbo litafutwe. Duara linaweza kukuzwa na pambizo kupunguzwa, lakini neno lililokatwa kwenye tangazo la afya halimfikii tena aliyelihitaji.