Fisi Aliyeitwa Shenzi

Katika filamu ya katuni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994, Kiswahili ndicho kilichogawa majina. Mwana wa mfalme aliitwa Simba. Nyani mwenye hekima akawa Rafiki, malkia akawa Sarabi, yaani mazigazi, na ngiri wa kuchekesha akaitwa Pumbaa. Fisi jike, kiongozi wa kundi lililofukuzwa likaishi penye makaburi ya tembo, alipewa jina la Shenzi.

Wahakiki wa Marekani waliipima filamu hiyo kwa sauti zake. Fisi walisemewa na Whoopi Goldberg, Mmarekani mweusi, na Cheech Marin, mwenye asili ya Meksiko, na baadhi ya wahakiki waliona humo picha ya maskini wa mijini. Shutuma hiyo ina uzito, lakini haikamiliki, kwani mfalme Mufasa mwenyewe alisemewa na James Earl Jones, naye mweusi. Tena utenzi wa ufunguzi uliimbwa kwa Kizulu na Lebo M wa Afrika Kusini, na baadaye filamu nzima ikatiwa sauti za Kizulu. Kiswahili kilitoa majina, wala hakikupewa kinywa.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo mhakiki wa Marekani hakuweza kulisikia. Neno mshenzi halikuzaliwa Hollywood, lilikuzwa pwani. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipopanda bara kutoka Bagamoyo na Kilwa, muungwana wa mjini alijipima kwa ustaarabu wake: dini, nyumba ya mawe, kanzu na ufasaha. Mtu wa bara, aliyedhaniwa kuyakosa hayo, akaitwa mshenzi. Walowezi wa Kizungu wa Kenya walilikuta neno hilo tayari, wakalitumia kwa kila walichokidharau.

Kwa mizani hiyo, Mbena wa Njombe alikuwa mshenzi. Ilhali Wabena walikuwa na tawala zao, na Septemba 1905, katika Vita vya Maji Maji, watu wa kiongozi Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi. Wajerumani walijibu kwa moto na njaa. Waliopigana hivyo hawakuwa kundi lisilo na mpango wala heshima.

Leo wajukuu wao ni wenye lugha. Huko Makambako, reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inakutana na barabara kuu ya Mbeya, na hapo hapo inachepuka njia ya Njombe na Songea. Mbena, Mkinga, Mhehe na Mpangwa wanapokutana sokoni, huuziana viazi na mbao kwa Kiswahili. Mtoto aliyelelewa kwa Kibena jikoni na kwa Kiswahili shuleni akiitazama filamu ile, hana haja ya mkalimani. Mtoto wa Chicago husikia jina tu la mnyama, bali yeye husikia tusi, tena tusi ambalo zamani lilielekezwa milimani kwao.

Mwaka 2003 Disney ilikamilishiwa huko Marekani usajili wa maneno «Hakuna Matata» kuwa alama yake ya biashara. Mwishoni mwa 2018 Shelton Mpala, mwanaharakati wa Zimbabwe, alianzisha ombi la kupinga, nalo likatiwa saini na watu zaidi ya laki moja. Hasira hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa usemi wa umma hauwi mali ya duka. Ila ombi lilihusu maneno mawili hayo tu. Jina la fisi halikuguswa.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hollywood iliokota neno hilo, lakini waliolitia maana hiyo ni watu wa pwani. Kuidai Hollywood picha ya haki ya Mwafrika ni wajibu. Deni la pwani kwa Njombe ni la zamani zaidi, na malipo yake ya kwanza ni mepesi: Kiswahili cha Makambako kihesabiwe Kiswahili, na tungo zake zisomwe kwenye kurasa zile zile zinazosomwa tungo za Lamu na Unguja.