Mwanagenzi na Msumeno

Chama kinapotimiza miaka kumi ni desturi kuhesabu miche iliyopandwa na mbao zilizouzwa. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa twapenda kueleza jambo lisiloonekana katika daftari la hesabu, nalo ni namna mgeni wa kazi anavyogeuka kuwa mkataji wa miti. Maadamu misaindano yetu yazidi kukomaa, na kila msimu vijana wapya huja kuomba kazi ya kukata, yafaa tujue waliotutangulia waliwafunzaje wageni wao.

Zamani, kabla mashine hazijaenea katika Nyanda za Juu Kusini, mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo lililazwa juu ya shimo, au juu ya vichanja penye mteremko. Mtu mmoja alisimama juu na mwingine chini, wakivuta msumeno mmoja mrefu. Wa juu aliuongoza msumeno ufuate mstari uliopigwa kwa uzi wenye masizi. Wa chini alivuta kwa nguvu, huku unga wa mbao ukimwangukia usoni. Aghalabu mgeni alianzia chini. Kazi hiyo ilichosha, lakini ilikuwa na faida moja kubwa: mtu mmoja hakuweza kuifanya peke yake. Kila msumeno ulikuwa na nafasi ya mwanagenzi, na kila mwanagenzi alikuwa na fundi wake. Akivuta vibaya, fundi alilihisi kosa papo hapo mikononi mwake.

Mambo kama hayo yalionekana hata Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mbao kutoka ng'ambo zilipungua, na migodi ya makaa ya mawe ilihitaji nguzo za kuzuia dari zake zisianguke. Wanaume wengi walikuwa vitani. Basi mwaka 1942 kikaundwa kikosi cha wanawake wa kazi ya mbao. Wengi wao walitoka madukani na maofisini, hawajapata kushika shoka. Walipelekwa kwanza katika kambi za mafunzo, mojawapo ikiwa Culford, wakafunzwa kwa majuma manne hivi hadi sita, ndipo wakaingia misituni. Huko walikata miti kwa shoka na kwa msumeno wa watu wawili, wakaendesha malori, wakapima mbao. Kikosi kilivunjwa mwaka 1946, na mwaka 2007 sanamu ya kuwakumbuka ilisimamishwa karibu na Aberfoyle, Scotland. Taifa lililokuwa vitani, na lililohitaji mbao upesi kuliko sisi, halikuyahesabu majuma hayo kuwa hasara.

Kisha ikaja mashine. Mwaka 1926 Andreas Stihl, mhandisi wa Stuttgart, Ujerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo uliotumia umeme. Huo nao ulikuwa mzito, ukashikwa na watu wawili. Katika miaka ya 1950 misumeno ya petroli ya mtu mmoja ikaenea. Kazi ya siku ikawa kazi ya saa. Lakini mpini wa pili ulipoondoka, nafasi ya mwanagenzi iliondoka nao. Siku hizi mgeni ama husimama kando akitazama, ama hukabidhiwa msumeno peke yake. Hatua ya katikati haipo, ila tuiweke sisi wenyewe.

Nayo hatua hiyo ni ya lazima. Mkataji hana budi ajue kukata kwanza pengo la kabari upande ambao mti utaangukia. Kuacha ukanda wa mbao usiokatwa, uuongoze mti kama bawaba iongozavyo mlango. Kusafisha mapema njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Na kuhakikisha kwamba hakuna mtu katika umbali wa urefu wa mti mara mbili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na huko msituni ulimwengu hufunza mara moja tu.

Nchi yetu haikulilala jambo hili. Olmotonyi pana chuo cha misitu tangu mwaka 1937, na Moshi pana chuo cha viwanda vya misitu tangu mwaka 1975. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo yamtaka mwajiri awafunze watu wake. Lakini chuo hakiwezi kusimama kando ya kila kijana katika kila shamba. Hapo ni wajibu wa genge lenyewe, na wa chama kinacholilipa.

Wako wanachama waulizao: kwa nini tulipe watu wawili kwa kazi ya mmoja? Swali hilo ni la haki, maana fedha ni za wakulima. Jibu letu ni kwamba mti uliotunzwa kwa miaka zaidi ya kumi huweza kupasuka kwa kuangushwa vibaya, na mbao zake zikapotea kwa dakika moja. Tena mti hupandwa upya. Mguu wa kijana haupandwi.

Kwa hiyo twaliomba kila genge katika miaka kumi ijayo lirudishe nafasi ya mwanagenzi: fundi mmoja, mgeni mmoja. Mgeni aanze kwa kupogoa matawi, kisha akate magogo yaliyokwisha kulala, na mwisho, fundi akiwa karibu, aukabili mti uliosimama. Mkutano Mkuu na uamue. Idumu kazi njema, udumu ushirika wetu.