Kankani kwa jina la Kiingereza

Kankani, ngoma ya kurusha miguu juu, ilianza kuchezwa Paris miaka ya 1830. Kwa Kifaransa neno hilohilo lina maana ya umbea. Katika filamu ya Jean Renoir, "French Cancan" (1955), ngoma hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Danglard, mwenye ukumbi wa burudani anayeigizwa na Jean Gabin, anamtoa msichana aitwaye Nini kwenye kazi ya dobi, anampeleka afunzwe kucheza, kisha anaipa ngoma jina lenye neno la Kiingereza, "French", kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichokuwa fasheni. Nampenda Renoir kwa kulionyesha hilo waziwazi: ngoma ya Wafaransa ilihitaji lugha ya jirani ili Wafaransa waitazame upya.