Ukimtafuta babu wa Bungoma, jua kwanza aliandikwaje

Sisi tuliozaliwa Mombasa kwa wazazi wa Bungoma huenda bara Desemba na kwenye mazishi. Wazee wanaojua nani alitoka wapi wanapungua, na mara nyingi swali huja kukiwa na kesi ya urithi, shamba liko karibu na Kitale, na hakuna ajuaye babu aliingiaje huko.

Nianze na wazee wenyewe. Mbukusu huenda asijue mwaka aliozaliwa baba yake, lakini rika lake la tohara analijua: Nyange, Maina, Chuma na mengineyo. Tohara hufanyika kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo rika pamoja na mwaka wa kutahiriwa hukupa tarehe ya kutafutia.

Kisha nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, iliyoundwa 1965. Humo mna ripoti za kila mwaka za Madisii na zile walizoachiana wakikabidhiana ofisi. Usitafute "Bungoma" peke yake. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Kavirondo Kaskazini, baadaye Nyanza Kaskazini, na Wabukusu waliandikwa "Kitosh".

Kitale ni habari nyingine. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, na Waafrika wengi waliishi mashambani mwao kama maskwota: unamfanyia mzungu kazi, nawe unapewa pahali pa kulima na kuchunga. Jina la skwota halimo kwenye hati ya shamba. Litafute kwenye mikataba ya kazi na kesi za mahakamani. Fungueni pia sanduku la nyanya, huenda mkakuta kipande, kile cheti kilichoandikwa mwajiri na mshahara.

Makanisa nayo yana daftari. Katoliki, kama Kibabii, ulizia ubatizo na ndoa. Marafiki, yaani Quaker, hawabatizi kwa maji, hivyo kwao ulizia kumbukumbu za mikutano na shule. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974 kutokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, yatakuonyesha vifaa na nyumba za wakati huo zaidi ya majina ya watu.

Lakini jalada limeandikwa na mtawala. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alikamatwa 1948 na kuhamishiwa Lamu, huku kwetu Pwani. Kwenye karatasi za serikali yeye ni mchochezi. Ukienda Kimilili utasikia habari za mtu aliyewataka wazungu warudishe ardhi. Jalada litakupa tarehe, mzee atakupa sababu, na familia inahitaji vyote viwili.

Jalada litakungoja Nairobi mpaka mwakani. Mzee huenda asikungoje. Desemba hii mrekodi kwa simu, umtajie kila jina alirudie polepole.