Linux Huhesabu, Solaris Huhukumu

Kwenye seva ya Linux yenye RAM ya ECC, yaani ile inayobeba biti za ziada za kulinda data, ingia folda ya /sys/devices/system/edac/mc/mc0. Humo mna faili ce_count na ue_count. Ya kwanza ina idadi ya makosa ya RAM ambayo mashine iliyagundua ikayasahihisha. Ya pili, yale yaliyoshindikana. Ukifungua yoyote kati ya hizo unapata namba tupu. Kerneli haikwambii kama 40 ni nyingi au ni kidogo, wala kama zilitokea usiku mmoja au zimekusanyika tangu Januari.

Solaris 10, mfumo endeshi wa kampuni ya Sun, ilitoka mwaka 2005, mwaka mmoja kabla EDAC, sehemu ya kerneli inayotunza hesabu hizo, haijaingia katika Linux 2.6.16, nayo ilishika njia nyingine kabisa. Kerneli yake hupeleka taarifa ya kila kosa kwa programu iitwayo fmd. Hiyo hupima: makosa mangapi, ndani ya muda gani, kutoka kadi ipi ya RAM. Yakipita kiwango, inatoa uamuzi, na ukurasa wa RAM wenye kasoro unaweza kuondolewa kazini mashine ikiwa inaendelea. Msimamizi akiandika fmadm faulty, anasoma shauri lililokwisha kuamuliwa: kipi kimeharibika, mfumo umeshachukua hatua gani, madhara ni yapi, afanye nini.

Wengi wangesema tofauti hii ni ya falsafa. Mimi naona chanzo chake kiko kiwandani. Sun ilibuni chipu, seva na mfumo endeshi chini ya paa moja, na ilikuwa imeshaonja machungu: karibu na mwaka 2000, kashe ya nje ya UltraSPARC II, iliyolindwa kwa pariti tu, ilikuwa ikiangusha seva za wateja wakubwa. Pariti huona biti imepinduka, lakini haiwezi kuirudisha. Linux, kwa upande wake, huendesha ubao mama wa yeyote, na kerneli isiyomjua aliyeutengeneza haiwezi kusema kwa ujasiri kilichoharibika ni nini.

Ugeni huo unauma zaidi kwenye jina la nafasi ya kadi. EDAC inajua kidhibiti, chaneli na namba ya kadi. Fundi aliyesimama mbele ya seva iliyofunguliwa anaona maandishi yaliyochapwa kwenye ubao: A1, B2, C1. Kinachounganisha hivyo viwili ni jedwali linaloandikwa kwa kila aina ya ubao, kisha majina yake huingizwa katika faili ya dimm_label mashine inapowaka. Ubao usipokuwemo kwenye jedwali, fundi anabaki kukisia. Akikosea, anang'oa kadi nzima na kuiacha mbovu ikiendelea na kazi, huku kila mtu akiamini tatizo limekwisha. Hapa nasimama bila kusita na Solaris, ambayo humtajia msimamizi kilichoharibika. Taarifa isiyofika mkononi mwa anayetengeneza haijakamilika.

Kwenye hukumu yenyewe, hata hivyo, namba tupu ina haki yake. Mwaka 2009 mtafiti Bianca Schroeder, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya mashine walizozichunguza zilipata angalau kosa moja la kusahihishika kwa mwaka, na kwamba kadi iliyokwisha kukosea ina uwezekano mkubwa wa kukosea tena. Dhana iliyozoeleka, kwamba makosa haya mengi ni ajali za mionzi inayopita, ilitikisika. Aliyeweka kiwango cha hukumu juu ya dhana hiyo alihitaji kukipima upya, na hesabu ghafi ndiyo inayomwezesha. Solaris nayo huitunza. Amri ya fmdump -e huionyesha. Ila haiitangulizi.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Katika seva nyingi za leo, ziwe za Windows yenye WHEA, mfumo wake wa kupokea makosa ya vifaa, au za Linux, BIOS inaweza kuwekwa iwe ya kwanza kupokea kosa, kisha iamue kama kerneli iambiwe. Sufuri ikisomeka kwenye ce_count, huenda RAM ni nzima. Huenda pia BIOS haijaona sababu ya kusema. Kwa msomaji sufuri hizo mbili zinafanana. Na bado ghes_edac, sehemu ya Linux inayopokea taarifa kwa mkondo huo, huchukua majina ya nafasi kutoka majedwali ya BIOS yenyewe. Kwa hiyo mlango unaoweza kuficha hesabu ndio unaoleta jina.

Watengenezaji wa ubao mama hawana sababu ya kutulazimisha kuchagua. Waandike majina sahihi kwenye majedwali hayo, na kila kosa waliache lifike kwenye kerneli. Hukumu ina pa kukaa: rasdaemon, programu ya Linux iliyoanzishwa na Mauro Carvalho Chehab, hupokea matukio ya kerneli na kuyahifadhi kwenye hifadhidata isiyofutika mashine ikizimwa, tofauti na ce_count. Inaweza pia kuondoa ukurasa mbovu kazini, kwa kiwango kilichoandikwa katika faili ya mipangilio ambayo msimamizi anaweza kuisoma, kuipinga na kuibadilisha.